Mine Boy au Cry, the Beloved Country: uingie na ipi darasani?

Mwalimu mwenzangu aliniuliza mwaka jana swali ambalo nililijibu vibaya. Muhula wake ulikuwa na nafasi ya riwaya moja tu. Alitaka iwe ya zamani, ya Afrika, na iwatie wanafunzi moja kwa moja katika suala la rangi na ukandamizaji. Orodha yake ilikuwa imebaki na mbili: Mine Boy ya Peter Abrahams, iliyotoka mwaka 1946, na Cry, the Beloved Country ya Alan Paton, iliyotoka mwaka 1948. "Zote si ni Johannesburg? Zote si ni mtu wa kijijini anakwenda mjini? Nichukue yoyote tu?" Nikamjibu papo hapo achukue ya Paton, kwa sababu imeandikwa vizuri zaidi.

Jibu hilo limenikaa moyoni kama mwiba. Ni kweli imeandikwa vizuri zaidi. Lakini mwalimu anayechagua riwaya ya aina hii anachagua pia ni nani atakayepewa nafasi ya kusema mbele ya watoto, na ni nani atakayeruhusiwa kukasirika. Hapo ndipo riwaya hizi mbili zinapoachana.

Kosa la dakika ya kwanza

Tuanze na kosa ambalo nami nimelifanya: kuzitambulisha kama "riwaya za apartheid", ule mfumo wa kisheria wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Hazikuandikwa chini ya apartheid. Chama cha National, kilicholeta apartheid, kilishinda uchaguzi tarehe 26 Mei 1948. Kufikia siku hiyo Mine Boy ilikuwa imeshatimiza miaka miwili tangu ichapishwe London, na Cry, the Beloved Country ilikuwa imetoka New York miezi michache tu kabla. Sheria za mwaka 1950 za kuandikisha watu kwa rangi na kuwatenga kwa maeneo hazikuwapo bado.

Lakini pasi zilikuwapo, zile hati ambazo Mwafrika alilazimika kuzibeba ili asikamatwe mjini. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 ilikuwa imeshawafungia Waafrika, ambao ndio waliokuwa wengi, katika takriban asilimia 7 ya ardhi ya nchi yao, na sheria ya mwaka 1936 iliyokuja kuongeza ilifikisha kama asilimia 13 tu. Sheria ya maeneo ya miji ya mwaka 1923 ilimfanya Mwafrika kuwa mgeni mjini, anayevumiliwa maadamu kuna mzungu anayehitaji kazi yake. Marekebisho ya sheria ya migodi ya mwaka 1926 yalimfungia mlango wa vyeti vya kazi za ujuzi. Kila moja ya sheria hizi inaonekana ndani ya riwaya hizi mbili bila kutajwa kwa jina: ardhi iliyochakaa ya kijiji cha Ndotsheni kwa Paton, polisi wanaosimamisha watu barabarani kwa Abrahams, mzungu mmoja mwenye cheti na kundi la weusi wenye sepeto.

Mwanafunzi akilijua hili mapema, anaacha kuuona ubaguzi kama wazimu uliokizukia chama kimoja mwaka 1948. Anaona nyumba iliyojengwa tofali kwa tofali, kwa mihuri na saini, huku watu wengi wenye heshima zao wakipita na kuamkiana. Kwa hilo pekee riwaya zote mbili zina thamani sawa, na ukichagua yoyote hutapoteza.

Hadithi zenyewe

Mine Boy inaanza saa tisa usiku. Xuma, kijana mwenye nguvu kutoka kaskazini, anaingia Malay Camp, mtaa maskini wa Johannesburg, hana anayemjua. Anakutana na Leah, mwanamke anayepika na kuuza pombe kwa magendo. Leah anampa chakula na mahali pa kulala. Xuma anapata kazi katika mgodi wa dhahabu, anakuwa mnyapara wa kundi la Paddy, Mwairishi ambaye watu humwita Mwekundu, anampenda Eliza ambaye ni mwalimu, na mwishoni, baada ya mgodi kuporomoka na watu kufa, anasimama mbele ya wenzake na kukataa kushuka tena chini.

Katika Cry, the Beloved Country, kasisi mzee wa Kianglikana, Stephen Kumalo, anaondoka Ndotsheni, katika vilima vilivyo karibu na mji mdogo wa Ixopo, kwenda Johannesburg kumtafuta dada yake Gertrude na mwanawe Absalom. Dada anampata katika biashara ya pombe na ukahaba. Mwana anampata gerezani: amempiga risasi na kumuua Arthur Jarvis, mhandisi mzungu aliyekuwa akiandika kutetea haki za Waafrika. Absalom anahukumiwa kunyongwa. Baba wa marehemu, James Jarvis, ni mkulima mwenye shamba juu ya bonde lile lile la Kumalo, na nusu ya mwisho ya kitabu ni jinsi wazee hawa wawili wanavyokutana juu ya makaburi ya watoto wao.

Ukizisimulia hivi unaona tofauti tayari. Ya kwanza inakwenda kwenye mgomo, ya pili inakwenda kwenye msamaha.

Wachimbaji waligoma kweli

Tarehe 12 Agosti 1946 zaidi ya wachimbaji 60,000 wa Kiafrika waliacha kazi katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, eneo la Johannesburg. Chama chao, kilichoongozwa na J. B. Marks, kilidai shilingi 10 kwa siku. Serikali iliwapeleka polisi, na kwa hesabu rasmi watu 9 waliuawa na zaidi ya 1,200 wakajeruhiwa. Mgomo ulivunjwa ndani ya wiki moja.

Ukitaka kipimo kimoja tu cha kulinganisha riwaya hizi, chukua mgomo. Abrahams, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka ule ule, anaufanya mgomo kuwa kilele. Kila kitu kinaelekea hapo: mchimbaji anayekohoa damu na anayeomba asifukuzwe mpaka amalize deni la familia yake, siku ya kwanza ya Xuma kazini, anapoona watu wakisukuma matoroli ya mchanga kutwa nzima na lile lundo halikui wala halipungui, naye akaingiwa na hofu asiyoweza kuitaja, kisha Johannes, rafiki yake, na Chris, mzungu anayefanya naye kazi, wanaoshikilia paa la mgodi kwa miili yao ili wengine watoke, na kufa pamoja. Wakubwa wanapotaka zamu inayofuata ishuke, Xuma anasema hapana, na Paddy anakwenda kusimama upande wake.

Kwa Paton mgomo unapita katika sura fupi. Umekuja, umekwisha, polisi wameitwa, wachimbaji kadhaa weusi wameuawa, na hadithi inarudi kwa kasisi. Anayeuzungumzia zaidi ni John Kumalo, ndugu yake Stephen, mwanasiasa mwenye sauti ya fahali. John anasema maneno ya kweli kabisa kuhusu dhahabu na ujira. Lakini Paton amemfanya mwoga na mdanganyifu: anaogopa jela kuliko anavyopenda haki, na mwanawe anapoingia matatani na Absalom anatafuta wakili wa kumtoa wake na kumwacha wa ndugu yake azame. Mwanafunzi anayesoma bila kuongozwa atatoka na fundisho kwamba mweusi anayedai ujira hadharani hana budi kuwa laghai, na mweusi mwema ni yule anayepiga magoti. Nimeliona hilo katika insha za darasa langu mwenyewe, zimeandikwa kwa moyo safi, na zimeniumiza.

Kwa haki, Paton anamweka Dubula pia, kiongozi wa mgomo wa kususia mabasi ya Alexandra, mtaa wa Waafrika wa Johannesburg, mtu asiyetikisika, na Msimangu, kasisi kijana anayesema jambo zito kuliko yote kitabuni: kwamba anahofia siku wazungu watakapogeukia kupenda, watakuta weusi wamekwisha kugeukia kuchukia. Lakini Dubula anaonekana kwa dakika chache. Anayebaki kichwani ni John.

Nani anaandika

Abrahams alizaliwa mwaka 1919 Vrededorp, mtaa wa Johannesburg, baba yake akiwa Mhabeshi na mama yake akiwa wa kundi ambalo sheria iliita Coloured, yaani watu wa asili mchanganyiko. Aliondoka Afrika Kusini mwaka 1939 akifanya kazi melini, akaishi Uingereza, baadaye akahamia Jamaica, akafia huko mwaka 2017. Alipoandika Mine Boy alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akiiandika mitaa aliyokulia.

Paton alizaliwa mwaka 1903 Pietermaritzburg. Kuanzia mwaka 1935 mpaka 1948 alikuwa mkuu wa Diepkloof, shule ya kurekebisha tabia za vijana wa Kiafrika karibu na Johannesburg. Kwa hiyo akina Absalom aliwafahamu kwa majina na nyuso. Riwaya aliianza Trondheim, Norway, mwaka 1946 alipokuwa safarini kutembelea magereza na shule za aina hiyo, akaimaliza San Francisco mwishoni mwa mwaka huo huo.

Usimruhusu mwanafunzi kumtupa Paton kwa sentensi moja, eti mzungu mwenye huruma, basi. Mwaka 1953 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha Liberal, kilichopokea watu wa rangi zote, na kilichojifunga mwaka 1968 sheria ilipokataza vyama vyenye mchanganyiko wa rangi. Serikali ilimnyang'anya pasipoti mwaka 1960. Mwaka 1964, Nelson Mandela na wenzake walipokuwa wakisubiri hukumu katika kesi ya Rivonia, waliyoshtakiwa kwa hujuma dhidi ya serikali, Paton alipanda kizimbani kuomba wasinyongwe. Huyu hakuwa mtu wa maneno matupu.

Hata hivyo wema wa mwandishi hauondoi alichokiona na asichokiona. Paton aliwajua Waafrika kama mlezi, kama msimamizi, kama mwombaji mwenzao kanisani. Hakuwajua wakiwa nyumbani kwao wamefunga mlango. Abrahams alikuwa ndani.

Ndani ya nyumba ya Leah

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipobadili mawazo.

Nyumba ya Leah ni ya pombe ya magendo. Ina kelele, ina ugomvi, watu wanalewa. Lakini ina sheria zake na ina utu. Leah anamlisha mgeni asiyemjua. Anamtunza mzee mmoja mlevi anayeitwa Daddy, anayejikojolea na kulala uani, na Xuma anamdharau mpaka anapoelezwa kwamba mzee huyu zamani alikuwa mtu wa watu, aliyesimama mbele yao wakati wa misukosuko ya pasi. Basi mlevi yule anageuka kuwa historia: hivi ndivyo kiongozi anavyoishia pale watu wanaposhindwa. Darasa langu lilikaa kimya kwa muda mrefu katika ukurasa ule. Kila mmoja wao anamjua mzee wa namna hiyo.

Leah anawindwa na polisi na anajua hivyo. Anazika pombe yake, anamlipa askari amdokeze, anawashinda mara nyingi, na mwishoni wanamkamata na kumfunga miezi 9. Anatoka akicheka. Hajawa malaika na hajawa mhanga. Katika riwaya nzima ya Paton hakuna mwanamke anayefanana naye. Gertrude anatubu, anarudi nyuma, anatoweka. Bi Lithebe ni mwema na mkarimu, lakini anakaa pembeni. Na yule msichana aliyebeba mimba ya Absalom, anayeolewa naye gerezani na kupelekwa Ndotsheni, hapewi jina tangu mwanzo mpaka mwisho. Waulize wanafunzi: jina lake nani? Watafungua kurasa, watatafuta, hawatalipata. Swali hilo moja linafundisha zaidi ya somo zima la "nafasi ya mwanamke".

Kisha kuna Eliza. Ni mwalimu, ni mweusi, na anataka vitu vya wazungu: nyumba yao, mavazi yao, namna yao ya kuzungumza. Anampenda Xuma na anajichukia kwa kumpenda, kwa sababu Xuma ni wa ule upande anaotaka kuuhama. Siku moja anaondoka bila kuaga. Siku Xuma anapofika nyumbani kwa Paddy na kuona divai na zulia na vitu vilivyopangwa vizuri, ndipo anapoelewa Eliza alikuwa akilia nini. Ukandamizaji unaoingia ndani ya mtu na kumfanya ajione mchafu ni mgumu sana kufundishwa kwa nadharia. Kwa Eliza unafundishika kwa kipindi kimoja, na mara nyingi kuna msichana nyuma ya darasa ambaye hanyoshi mkono lakini amekishika kitabu kwa nguvu.

Lugha: Paton anashinda

Kwa upande wa lugha sina la kuficha. Kiingereza cha Abrahams ni chepesi, sentensi fupi, wahusika wote husema karibu namna moja, na mara nyingine anarudia wazo mpaka linachoka. Maneno ya Paddy kwamba mtu awe mtu kwanza na rangi ije baadaye yanarudi kama mahubiri. Na ukweli usemwe: linakera kidogo kwamba wazo kuu la kitabu linapita kwanza kinywani mwa mzungu. Mwisho nao una haraka.

Paton anaandika kama mtu aliyekaa na Zaburi na kusikiliza Kizulu. Mazungumzo yake yana adabu ya kuagana, ya kuitana baba na mtoto, ya kuuliza habari kabla ya kusema shida. Msomaji wa Kiswahili yuko nyumbani humo bila kujua sababu. Mfano mmoja ninaoupenda: Kumalo anaitwa umfundisi. Liandike neno hilo ubaoni, ufute u ya mwanzo, uwaulize wanafunzi linatokana na kitenzi gani. Watasema wenyewe: fundisha. Mchungaji ndiye mfundishaji. Dakika moja tu, na Afrika Kusini imesogea karibu.

Muundo wake pia ni wa fundi. Sura 36 zimegawanywa katika vitabu vitatu, na cha kwanza na cha pili vinaanza kwa barabara ile ile itokayo Ixopo kupanda vilimani. Mara ya kwanza tunashuka bondeni, kwenye ardhi nyekundu iliyochimbika na isiyowaweka tena vijana. Mara ya pili tunabaki juu, kwa Jarvis, kwenye majani mazito. Barabara moja, maisha mawili. Na zile sura ambazo hazina mhusika maalumu, ambamo sauti zisizo na majina zinapokezana (watu wanaotafuta chumba, mama mwenye mtoto mgonjwa katika mji wa mabanda, wazungu wanaobishana baada ya mauaji kama dawa ni shule zaidi au polisi zaidi), sijaona njia bora ya kumfundisha mwanafunzi kwamba riwaya inaweza kuwa na kinywa cha umma. Zisomwe kwa sauti, kila mstari mtu wake.

Kama lengo lako kuu ni ufundi wa fasihi, yaani usimulizi, taswira, urudiaji, muundo, basi usinisikilize tena: chukua Paton.

Maneno ya kutayarisha kabla

Yapo manne au matano ambayo hujikwaa nayo kila darasa la Kiswahili, kitabu chochote utakachochagua.

La kwanza ni kaffir. Mwanafunzi anayejua kafiri atadhani ni suala la dini. Mzizi wa Kiarabu ni mmoja, lakini Afrika Kusini neno hilo liligeuzwa tusi la rangi, zito sana, na kulitamka kwa kicheko darasani ni jambo la kuzuia mapema. Mimi huwaambia sababu siku ya kwanza, halafu tunaposoma kwa sauti tunaliruka, na kila mtu anajua tumeruka nini.

Boy katika jina la riwaya ya Abrahams linaeleweka upesi zaidi, kwa sababu Kiswahili kililichukua: boi. Mtu mzima mwenye mke na ndevu, boi. Pasi nayo itaeleweka ukiitaja kwa jina lingine, kipande. Wazee wetu walikivaa shingoni. Coloured usilitafsiri kuwa chotara ukaendelea mbele. Afrika Kusini lilikuwa kundi la kisheria lenye historia yake ndefu, na neno letu lina dharau ndani yake. Na jina Xuma lina mlio wa ulimi ubavuni mwa meno. Jaribuni pamoja, mkishindwa msikate tamaa.

Mambo mengine ya kujiandaa nayo: Mine Boy ina ulevi mwingi, mapenzi nje ya ndoa na ngumi. Wazazi fulani watauliza. Cry, the Beloved Country ina mauaji, ukahaba na mtoto kunyongwa, lakini kwa kuwa mhusika mkuu ni kasisi, sijawahi kuulizwa na mzazi yeyote. Ina pia filamu mbili, ya mwaka 1951 na ya mwaka 1995, zitakazokusaidia au zitakazowafanya wanafunzi wasisome. Mine Boy ni fupi zaidi kwa kiasi kikubwa na darasa la wastani linaimaliza.

Basi ipi?

Kama darasa lako ni la wakubwa, wanaosoma Kiingereza bila kuchechemea, na una muhula mzima wa kubishana nao, chukua Cry, the Beloved Country. Lakini ichukue kwa nia ya kubishana nayo. Maziwa ambayo James Jarvis anawapelekea watoto wa Ndotsheni ni mazuri, na bwawa analowajengea ni zuri, na mtaalamu wa kilimo anayewaletea ni mzuri. Sasa uliza: ardhi ile juu ya kilima ni ya nani, na ilipatikanaje? Arthur Jarvis mwenyewe alianza kuliuliza swali hilo katika karatasi alizoacha mezani siku alipouawa. Kitabu kinalifungua kisha kinalifunika kwa wema. Darasa lenye nguvu linaweza kuliacha wazi. Darasa changa litapokea maziwa na kushukuru.

Kama ni riwaya yao ya kwanza kuhusu jambo hili, au kama ndiyo riwaya pekee watakayoisoma, nakushauri uchukue Mine Boy. Sisemi hivi kwa sababu ni kitabu bora zaidi cha sanaa, maana nimeshakubali kwamba sicho. Nasema hivi kwa sababu mtoto anayekutana na ukandamizaji kwa mara ya kwanza kitabuni anahitaji kuwaona waliokandamizwa wakiwa watu kamili kabla ya kuwaona wakiwa na majeraha: wakicheka, wakidanganya polisi, wakipendana vibaya, wakikasirika na hasira yao isiitwe dhambi. Xuma hakutoroka. Angeweza, alikwisha kuwakimbia polisi. Anarudi kwa sababu Paddy yumo jela kwa ajili yao, na kwa sababu anaona lazima mtu mweusi aseme mwenyewe jinsi weusi wanavyojisikia. Sentensi hiyo ndiyo ningependa iwatangulie, kisha wakikutana na Kumalo mwaka unaofuata, watamheshimu machozi yake bila kudhani kwamba machozi ndiyo njia pekee.

Ukiwa na kusitasita bado, kuna jaribio la kipindi kimoja. Waandishi wote wawili wameandika tukio la mtu kufika Johannesburg. Xuma anafika usiku, ana njaa, na mwanamke asiyemjua anamfungulia lango. Kumalo anafika mchana kituo cha treni, amevaa kola yake ya ukasisi, na kijana mwenye adabu anamwambia atamkatia tiketi ya basi. Kumalo anampa pauni moja, kijana anakata kona, harudi, mpaka mzee mwingine anamwonea huruma na kumwongoza hadi Sophiatown, mtaa wa Waafrika. Soma kurasa hizo za riwaya zote mbili kwa sauti, siku moja, bila kutaja majina ya vitabu wala rangi za waandishi. Kisha waulize swali moja tu: mji huu unamwogopa nani? Nilipolifanya jaribio hili mara ya mwisho, darasa lilimhurumia sana Kumalo, na wengi walikasirishwa na yule kijana wa tiketi. Kisha kijana mmoja wa mstari wa mbele akasema angependa kujua Leah alipata wapi chakula alichompa Xuma. Kipindi kilichofuata tulianza na swali lake.